Mazishi ya Fundi Bomba wa Wells

Mazishi ya askari mkongwe, yaani mtu aliyepigana vita, akarudi na kuishi miaka mingi ya uraia, huwa na pande mbili zinazodai haki juu ya jeneza moja: familia inayomzika baba, mume au mjomba, na dola inayomzika mtumishi wake wa zamani, ambaye pengine ilimwita kwa nguvu, ikamtumia kwa miezi michache, kisha ikakaa nusu karne bila kumkumbuka. Katika nchi nyingi mvutano huo hauonekani, kwa kuwa familia hupokea kwa shukrani bendera, tarumbeta na risasi za heshima, na dola nayo hutimiza wajibu wake na kuondoka kabla ya chakula kupakuliwa. Hujitokeza pale tu ambapo marehemu mwenyewe ameacha wosia unaokwenda kinyume na desturi, na mfano ulio wazi kuliko yote katika karne hii ni ule wa Harry Patch, fundi bomba wa Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliyefariki dunia tarehe 25 Julai 2009 akiwa na umri wa miaka 111, huku akijulikana kuwa ndiye askari wa mwisho aliyesalia, wa taifa lolote lile, miongoni mwa waliopigana katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza huko Ulaya Magharibi.

Maisha yake, kabla ya umaarufu wa uzeeni, hayakuwa na jambo la kumtenga na maelfu ya mafundi wa rika lake. Alizaliwa tarehe 17 Juni 1898 katika kijiji cha Combe Down, karibu na mji wa Bath, mahali palipojulikana kwa machimbo ya mawe ambayo kwayo mji huo umejengwa. Baba yake alikuwa mwashi, na yeye mwenyewe aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akawekwa chini ya fundi ili ajifunze kazi ya mabomba. Vita vilipoanza mwaka 1914 hakuwa miongoni mwa vijana waliopanga foleni mbele ya ofisi za kuandikisha askari, na sababu yake ilikuwa ya kueleweka, kwani kaka yake, aliyekuwa mwanajeshi, alikuwa amejeruhiwa mapema na kumsimulia mahandaki yalivyokuwa, bila chumvi ya magazeti. Alichukuliwa mwaka 1916 kwa sheria ya kuandikisha jeshini kwa lazima, sheria ambayo Bunge la Uingereza liliipitisha mwanzoni mwa mwaka huo baada ya mbinu ya kutegemea watu wa kujitolea kushindwa kujaza mapengo ya waliokufa. Jambo hili si dogo, kwa sababu hotuba nyingi za makaburini huzungumza kana kwamba kila aliyekufa vitani alijitoa mwenyewe, ilhali Patch hakuchoka kukumbusha, alipoanza kusema, kwamba yeye hakujitoa, alitolewa.

Alipelekwa Ubelgiji katikati ya mwaka 1917 pamoja na batalioni ya 7 ya rejimenti iliyoitwa Duke of Cornwall's Light Infantry, akapewa nafasi ya pili katika timu ya watu watano walioendesha bunduki ya rashasha aina ya Lewis. Rashasha hiyo ilikuwa silaha nyepesi kwa viwango vya wakati huo, iliyoweza kubebwa na mtu mmoja na kulishwa risasi kutoka kwenye sahani ya duara iliyowekwa juu yake, lakini ilikuwa na tabia ya kukwama, na kazi ya mtu wa pili ilikuwa kubeba vipuri na kuifungua na kuirudisha katika hali ya kufyatua huku makombora yakidondoka. Haishangazi kwamba kazi hiyo alipewa fundi. Kwa simulizi yake, watu hao watano walikubaliana kwamba hawataua wakiweza kuepuka, kwamba wangelenga chini, kwenye miguu, na siku moja Mjerumani alipomjia akiwa na singe, yaani kisu kinachofungwa kwenye mtutu wa bunduki, Patch alimpiga begani kwa bastola, kisha, alipoona haachi kuja, akampiga mguuni badala ya kifuani. Msomaji anaweza kuuliza kama makubaliano ya namna hiyo yanawezekana kwa watu wanaoendesha rashasha, silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya kufagia, na swali hilo ni la haki; lililo la hakika ni kwamba mzee huyo aliona kuwa ni lazima ayaeleze makubaliano hayo, na kwamba kutoua kwake alikuthamini kuliko nishani zote.

Mapigano aliyoingizwa ni yale yanayojulikana kwa jina la kijiji cha Passchendaele, karibu na mji wa Ypres, yaliyodumu kuanzia tarehe 31 Julai hadi tarehe 10 Novemba 1917, katika mvua na tope zito kiasi kwamba majeruhi walizama kwenye mashimo yaliyochimbwa na makombora. Katikati ya Agosti alivuka na wenzake kijito cha Steenbeek kuelekea Langemarck, na humo ndimo alimkuta askari aliyepasuliwa kuanzia begani hadi kiunoni, akiomba apigwe risasi ili apumzike, ambaye alikata roho kabla Patch hajatoa bastola, neno lake la mwisho likiwa la kumwita mama. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa tarehe 22 Septemba, timu ile ya watu watano ilikuwa ikirudi nyuma kutoka mstari wa mbele pale kombora lilipolipuka juu yao. Watatu waliuawa palepale, na Patch akapata kipande cha chuma tumboni, chini ya kitovu, ambacho daktari alikitoa bila dawa ya ganzi kwa kuwa ganzi ilikuwa imekwisha. Vita vyake vilikoma hapo. Alikuwa amekaa mstari wa mbele kwa muda usiofika miezi minne, na alikuwa na umri wa miaka 19.

Miaka tisini na mbili iliyobaki ndiyo hasa maisha ya mtu huyu, na makala nyingi zilizoandikwa juu yake huipita kwa haraka isiyo ya haki. Alimwoa Ada Billington, msichana aliyekutana naye wakati akiuguza jeraha, akarudi kwenye kazi ya mabomba, akashiriki katika ujenzi wa jengo la kumbukumbu la Wills katika Chuo Kikuu cha Bristol, akalea watoto wawili wa kiume. Vita vya Pili vilipokuja alikuwa amepita umri wa kupigana, hivyo akajiunga na kikosi cha zimamoto na kuzima nyumba zilizowaka wakati Bath iliposhambuliwa kwa mabomu ya ndege mnamo Aprili 1942. Alistaafu, akafiwa na Ada mwaka 1976, akaoa tena, akafiwa tena. Katika muda wote huo hakuwasimulia wake zake wala wanawe yaliyotokea Ubelgiji. Hakutazama filamu za vita, hakuhudhuria mikutano ya wakongwe, na tarehe 22 Septemba ya kila mwaka aliikalia peke yake. Siku ya Kumbukumbu ya kitaifa, ambayo Waingereza huiadhimisha kila Novemba kwa maua mekundu ya karatasi vifuani, aliiona kuwa maonyesho tu.

Ukimya huo ulivunjwa na mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni la nyumbani: katika makao ya wazee ya Fletcher House, mjini Wells, alikohamia uzeeni, chumba chake kilitazamana na kabati la mashuka, na kila mhudumu alipowasha taa yake usiku, mwanga uliomulika ghafla ulimrudisha mzee huyo, akiwa nusu usingizini, chini ya kombora la mwaka 1917. La pili ni la hesabu: mwaka 1998, miaka 80 baada ya vita kumalizika, watengeneza filamu na serikali ya Ufaransa walianza kuwatafuta wakongwe waliobaki, nao walikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja aligeuka kuwa ushahidi adimu. Patch, aliyekuwa ametimiza miaka 100, alikubali kuhojiwa, akapewa nishani ya Ufaransa ya Légion d'honneur, na kitabu cha maisha yake, alichokiandaa pamoja na mwanahistoria Richard van Emden, kilitoka mwaka 2007. Mwaka 2004 alikutana Ubelgiji na Charles Kuentz, mzee wa Alsace aliyepigana upande wa Ujerumani katika uwanja uleule wa Passchendaele, wakabadilishana zawadi za kwao, pombe ya tufaha ya Somerset kwa biskuti za Alsace. Na mwaka 2008, akiwa katika kiti cha magurudumu, alizindua jiwe la ukumbusho kando ya kijito cha Steenbeek, mahali alipovukia, akilipa gharama zake yeye mwenyewe kwa ajili ya wenzake.

Kadiri wakongwe walivyopungua, ndivyo dola ilivyozidi kuwahitaji. Ulizuka mjadala nchini Uingereza kama mkongwe wa mwisho wa Vita Kuu azikwe kwa mazishi ya kitaifa, heshima ambayo kwa desturi ya nchi hiyo ni ya wafalme na malkia, na kwa raia hutolewa kwa nadra sana, kama ilivyotolewa kwa Admirali Nelson mwaka 1806 na Winston Churchill mwaka 1965. Wazo hilo lilikuwa na mantiki yake, kwani mwaka 1920 serikali hiyohiyo ilimzika katika kanisa la Westminster Abbey askari asiyejulikana jina, aliyechaguliwa kutoka makaburi ya Ufaransa na Ubelgiji ili awawakilishe wote, na ingependeza kwa wapenda ulinganifu kama hadithi iliyofunguliwa na askari asiye na jina ingefungwa na askari mwenye jina. Kasoro yake ni kwamba wazee waliokuwa hai hawakuitaka heshima hiyo, Patch akiwa mmojawapo, kwa hoja kwamba cheo cha kuwa wa mwisho si sifa, ni bahati ya mwili tu, na hakimpi mtu haki ya kuzikwa kifalme wakati rafiki zake hawakuachiwa hata mwili wa kuzikwa. Mwaka 2006 serikali iliamua kwamba badala ya mazishi ya kitaifa ingefanyika ibada ya kitaifa ya kukiaga kizazi kizima, na ibada hiyo ilifanyika Westminster Abbey tarehe 11 Novemba 2009.

Mazishi yenyewe yalifanyika tarehe 6 Agosti 2009 mjini Wells, mji wenye wakazi wanaozidi kidogo 10,000, ambao kwa heshima ya kanisa kuu lake la zama za kati una hadhi ya jiji, jambo litakalomchekesha msomaji anayejua kwamba jiji ni Mwanza au Mombasa. Watu waliomba na kupewa zaidi ya tiketi 1,000 za kuingia kanisani, maelfu wengine wakasimama barabarani na uwanjani, na kengele zilipigwa mara 111. Masharti ya marehemu yalikuwa mawili, na yote yalitimizwa. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba pasiwepo silaha yoyote, hata zile za gwaride zinazobebwa kwa urembo, upanga wa ofisa ukiwa miongoni mwake. Sharti la pili lilihusu watu watakaolizunguka jeneza: wabebaji sita walitoka katika rejimenti ya Rifles, mrithi wa rejimenti yake ya zamani, lakini pembeni yao walitembea askari wawili wa Ubelgiji, wawili wa Ufaransa na wawili wa Ujerumani, na wawakilishi wa balozi za Ubelgiji na Ujerumani walisoma mbele ya waombolezaji. Mkuu wa jeshi la nchi kavu alihudhuria, familia ya kifalme iliwakilishwa, bendera ya taifa ilifunika jeneza. Dola haikufukuzwa, basi. Ilikaribishwa kama mgeni, ikaelekezwa mahali pa kukaa, na ikatakiwa iache bunduki nje.

Uzito wa sharti hilo la kwanza haueleweki bila kukumbuka majira yale. Katika mwezi uleule wa Julai 2009 majeshi ya Uingereza yalikuwa yakipoteza watu wengi kwa mfululizo katika jimbo la Helmand nchini Afghanistan, na siku ya tarehe 10 Julai pekee askari watano wa batalioni ya 2 ya Rifles waliuawa kwa mabomu ya kutegwa karibu na Sangin. Miili iliyorudishwa ilitua katika kituo cha anga cha Lyneham, na msafara wa magari ya maiti ulipita katika barabara kuu ya Wootton Bassett, mji mdogo wa Wiltshire, ambao wakazi wake walijizoesha wenyewe, bila amri ya mtu, kufunga maduka na kusimama kimya njiani kila jeneza lilipopita, hata mwaka 2011 mji huo ukaongezewa jina la heshima la kifalme. Maana yake ni kwamba sare ya Rifles iliyolibeba jeneza la mzee wa miaka 111 ilikuwa sare ileile iliyokuwa ikionekana kwenye televisheni katika picha za vijana wa miaka 18 na 19, umri wake mwenyewe wa Passchendaele. Kwa hali hiyo, kukataa silaha mbele ya mkuu wa jeshi kulikuwa ni kauli ya kisiasa, hata kama ilitolewa na mtu aliyekwisha kufa na haikutamkwa na mhubiri yeyote.

Historia ya Afrika Mashariki inatoa mazishi mengine yanayofaa kuwekwa kando ya haya, kwa sababu yanaonyesha jinsi dola inavyoweza kuchagua wageni wa jeneza kwa makusudi tofauti kabisa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda aliyeongoza majeshi ya Ujerumani Tanganyika, Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, na ambaye alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, alifariki mwaka 1964 na kuzikwa katika kijiji cha Pronstorf, kaskazini mwa Ujerumani. Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara, mwaka 1913, alitoa tanzia ya kumsifu, na serikali iliwasafirisha kwa ndege askari wawili wa Kiafrika waliotumikia chini ya kamanda huyo ili wahudhurie kama wageni wa taifa. Wazee hao wawili waliwekwa pale kama ushahidi wa hadithi ya askari mwaminifu, hadithi iliyopendwa sana Ujerumani baada ya kupoteza makoloni, isemayo kwamba Mwafrika alimfuata kamanda wake kwa mapenzi hadi siku ya mwisho; ilhali utafiti wa kihistoria, kikiwemo kitabu cha Michelle Moyd cha mwaka 2014 kuhusu maisha ya askari hao, unaonyesha watu waliokuwa na malengo yao ya cheo, kipato na heshima ya nyumbani, waliotoroka kwa wingi mambo yalipoharibika, na ambao vita vyao viliachia vijiji vya kusini mwa Tanzania maghala matupu na njaa. Wapagazi waliofungwa kamba wasikimbie hawakualikwa Pronstorf.

Mwaka huohuo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo ya malimbikizo ya mishahara kwa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Vitabu kadhaa vinarudia kisa cha Mwanza, ambako inasimuliwa kuwa wazee wapatao 350 walijitokeza mbele ya ofisa wa malipo, wachache wakiwa na vyeti, na wengine wakapewa ufagio washike kama bunduki na kutii amri za kwata kwa Kijerumani, asishindwe hata mmoja. Kisa hicho hupendwa kwa ucheshi wake, na huenda kimetiwa chumvi njiani, lakini namna kinavyosimuliwa inastahili kutiliwa shaka kuliko ukweli wake: mzee wa Kisukuma au Kinyamwezi, baada ya miaka 46 ya kudai haki yake, anathibitisha utu wake kwa kusimama wima mbele ya karani wa Kijerumani, na msimuliaji anaona hilo ni jambo la kufurahisha.

Kwa sadfa, tarehe aliyofariki Patch, 25 Julai, ndiyo Siku ya Mashujaa nchini Tanzania, siku ambayo Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu, uwe wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, au wa Dodoma, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi akaweka sime, kisha viongozi wengine wakafuata na zana zao na mashada. Ingekuwa wepesi kuhitimisha kwamba mzee wa Wells alikuwa sahihi na Mnazi Mmoja na Dodoma zimekosea, lakini ulinganisho wa namna hiyo haufai. Mkuki na ngao katika sherehe hiyo vinasimama badala ya watu waliovamiwa katika ardhi yao, wapiganaji wa Majimaji na, karibu zaidi na kumbukumbu za walio hai, wanajeshi na wanamgambo waliokwenda kuyatoa majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliyoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wengi wao wakiwa wamezikwa Kaboya wilayani Muleba. Aliyechukuliwa kwa sheria kwenda kupigania mpaka wa Ubelgiji na aliyeshika silaha kwa sababu kijiji cha jirani kimechomwa hawadaiwi kuzikwa kwa ishara zilezile. Linalowaunganisha ni swali la nani aliulizwa. Patch aliulizwa, kwa kuwa aliishi muda mrefu na katika nchi yenye kamera nyingi. Mkongwe wa Kagera anayeishi leo katika mji mdogo wa mkoani, akiuza dukani au akilima, mara nyingi huulizwa jina lake na mwaka alioingia Kampala, siyo jinsi anavyotaka vita vile vitajwe juu ya jeneza lake.

Wapo ambao hata jina hawakuulizwa, nao ni wa vita vilevile vya Patch na wa taasisi ileile iliyosimamia makaburi ya rafiki zake. Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza iliundwa kwa hati ya kifalme mwezi Mei 1917, na kanuni yake kuu, iliyofafanuliwa mwaka 1918 katika ripoti ya Frederic Kenyon, ilikuwa usawa: jenerali na askari wa kawaida wapate jiwe la ukubwa mmoja, na asiyepatikana mwili achongwe jina mnarani. Ndiyo sababu lango la Menin mjini Ypres lina majina zaidi ya 54,000. Wakati Patch akilazwa hospitalini na jeraha lake, upande huu wa dunia ulikuwa katika mwaka mbaya kuliko yote. Mapigano ya Mahiwa, si mbali na Lindi, yalifanyika Oktoba 1917, na nyuma ya kila batalioni walitembea wapagazi, watu waliobeba chakula, risasi na majeruhi vichwani na mabegani kwa sababu farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na ndorobo. Uingereza iliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao. Kumbukumbu rasmi zinataja vifo zaidi ya 44,000, na wanahistoria wa baadaye wanaona vilizidi 95,000, sehemu kubwa ikitokana na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga wa mahindi usioiva vizuri uliopewa watu ambao matumbo yao hayakuuzoea.

Kanuni ya usawa haikuwafikia watu hao. Mwaka 1922 Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, aliieleza Kamisheni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori, na Kamisheni haikupinga. Badala ya mawe na majina, zilijengwa sanamu za Askari mjini Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, ile ya Dar es Salaam ikizinduliwa mwaka 1927 mahali ambapo kabla yake palisimama sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, ikiwa na maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yaliyotungwa na Rudyard Kipling, na isiyo na jina la mtu hata mmoja. Ilichukua karibu karne nzima, pamoja na filamu iliyosimuliwa na mbunge David Lammy mwaka 2019 na utafiti wa Profesa Michèle Barrett, kwa Kamisheni kukiri, katika ripoti ya Aprili 2021, kwamba wahanga kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa njia isiyo sawa na wengine, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Neno mkongwe wa mwisho, ambalo liliwapa Waingereza nafasi ya kuomboleza kizazi chao, haliwezi kutumika kwa wapagazi. Ili mtu awe wa mwisho ni lazima kuwe na orodha inayopungua, na orodha hiyo haikutunzwa. Yupo mzee aliyefariki katika miaka ya 1970 au 1980 huko Machakos, Singida au Songea, akiwa ndiye wa mwisho kukumbuka uzito wa sanduku la risasi kwenye njia ya Rufiji, akazikwa na jamaa zake chini ya mwembe au mgomba, kwa dua au kwa sala, bila mtu yeyote pale kaburini kujua kwamba enzi imekwisha. Kwa upande mmoja hayo ndiyo mazishi aliyoyataka Patch, kwani naye, baada ya televisheni kuzimwa, alipelekwa Monkton Combe, karibu na alikozaliwa, akalazwa faraghani kati ya jamaa zake. Tofauti ni kwamba yeye aliichagua faragha hiyo baada ya kusikilizwa.

Kazi ya kurekebisha imeanza. Kamisheni imefungua mjini Cape Town, Januari 2025, ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi wa vikosi vya kazi, na kumbukumbu za kijeshi zilizohifadhiwa nchini Kenya zimetoa maelfu ya majina ambayo hayakuwahi kuchongwa popote. Hatari iliyopo ni kwamba fedha zikishapatikana, minara itachorwa London kwa nia njema, na itazinduliwa kwa gwaride, mizinga na ndege, kwa sababu hivyo ndivyo majeshi yanavyojua kuomba radhi. Wapagazi hawakuacha wosia unaosomeka, kwa hiyo wa kuulizwa ni wajukuu na vitukuu wao, na maswali yanayowahusu yanajulikana: kama wanataka jina peke yake au jina na kijiji, kama mnara ukae kando ya njia waliyopita au mjini, kama sala iwe ya dini gani, kama bunduki ziwepo au zisiwepo. Mikutano hiyo inapaswa kufanyika kwa Kiswahili, Kikamba, Kinyamwezi na Kiyao, vijijini, kabla mchoraji hajashika kalamu.